Aliazima Macho Yangu Kununua Gari

Wiki iliyopita uliniacha nimelala kwenye benchi la kinyozi pale Same mjini, sina kwangu. Kama hukusoma, nakupa kwa kifupi, maana mambo yenyewe hayapendezi kurudiwa. Mwenye kiwanja aliuza, kibanda changu cha gereji kikavunjwa, spana zangu zikaibiwa siku hiyo hiyo, na mke wangu Jenifer akawachukua wanetu wawili akaenda kwa kaka yake, kule Hedaru.

Shemeji yangu huyo, Wilbard, alinipigia simu, akasema maneno machache tu. "Anaeli, dada yetu atarudi siku utakapokuwa na mlango wa kufunga."

Ndipo ikaja ile simu kutoka Uingereza. Wengi mmeniuliza kama kazi ile niliipata. Niliipata. Afadhali ningeikosa.

Aliyepiga anaitwa Tumainieli. Ni Mpare mwenzetu, mzaliwa wa Usangi, yuko huko mwaka wa thelathini sasa, anaendesha treni. Baba yake aliwahi kufundisha shule Chome, na yeye akiwa mtoto alikuwa akikimbia nyuma ya gari dogo la kijani la daktari wa Kizungu. MG ya mwaka 1951, viti viwili, haina paa la bati. Daktari alipoondoka alimwachia dereva wake, mzee Eliakunda. Mzee naye alishafariki, na gari limebaki bandani kwa mjane wake, Bibi Asteria, juu kabisa kule Chome.

"Nataka kulinunua," Tumainieli akaniambia. "Ila niko mbali, fundi. Naomba uniazime macho."

"Kwani huna ndugu huku, bosi?"

"Ninao wengi mno. Ndugu ataniambia gari ni zima ili apate cha juu. Nataka fundi asiyenijua, aniambie ukweli hata kama unauma."

Nikamwambia ukweli ndiyo kazi yangu. Siku hiyo nilikuwa sijala tangu jana yake, na maneno mazuri yalinitoka yenyewe.

"Sasa sikiliza," akasema. "Likiwa zima nalinunua, na halitoki Same. Nitakukodishia fremu pale barabarani, yenye chumba nyuma, ukae na familia yako ulitengeneze taratibu mpaka nistaafu, miaka miwili ijayo. Likiwa bovu tunaachana nalo. Nitakutumia nauli na posho ya siku moja."

Umeuona mtego, msomaji? Mtu anakuomba ukweli, halafu chumba na mlango wa kufunga anavifanya zawadi ya uongo. Simlaumu. Yeye hakujua habari za Wilbard.

Alinitumia maagizo kwa sauti, dakika kumi na moja nzima. Mimi niliyejiona fundi nikajikuta mwanafunzi. Nichukue sumaku, niifunge kitambaa isikwaruze rangi, niipitishe bodi nzima. Pale itakapokataa kushika, ujue pameoza pakazibwa kwa fila. Nilinganishe namba iliyogongwa kwenye chesisi na ile ya kwenye kibao. Nichomoe kijiti cha oili nione kama imeingia maji.

"Mwisho mbao," akasema, na sauti ikabadilika. "Hapo usinikosee. Chesisi ni ya chuma, lakini bodi yake ni bati lililovalishwa kwenye kiunzi cha mbao. Mbao zikiwa mbovu, nitakuwa nimenunua bati tupu. Inua zulia, chukua bisibisi, choma kila nguzo ya mlango."

Nilipanda Chome kwa bodaboda, kiuno kikiniuma kila kona. Bibi Asteria nilimkuta uani anapepeta maharage. Ana miaka themanini na minne na bado analima mwenyewe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Hakuniuliza jina wala nilikotoka, aliniuliza kama nimekula. Alinipakulia makande sahani ya kujaa, akakaa kuniangalia mpaka nikamaliza, kisha akachukua ufunguo.

Gari lilikuwa limefunikwa blanketi. Alilifunua polepole, kuanzia mbele kurudi nyuma. "Wa chuma chakavu wamekuja mara mbili," akasema. "Wa pili nilimfukuza kwa mchi. Marehemu aliniambia, Asteria, mpe mtu atakayelitembeza."

Nikaanza kazi. Sumaku ilishika kila mahali, pande zote, mpaka chini ya taa. Namba zilikuwa zile zile. Oili nyeusi, lakini haina tone la maji. Niliizungusha injini kwa mkono na ikazunguka bila kukwama. Jamani, nilianza kupiga mluzi. Nikamwona Jenifer akiteremka kwenye basi, nikawaona watoto wakigombania kitanda.

Ikabaki mbao. Niliinua zulia, nikaiweka ncha ya bisibisi kwenye nguzo ya mlango wa kulia. Sikuichoma. Niliigusa tu, na ikazama mpaka kwenye mpini.

Nilipoichomoa ilitoka na unga. Nikajaribu nguzo ya pili, ya tatu, ya nne. Zote unga. Mchwa walikuwa wamekula ndani kote wakaacha ngozi ya nje na rangi yake, na gari likaendelea kusimama kwa sababu hakuna aliyeligusa miaka yote hiyo.

Kwa mazoea ya kazi nilishapiga picha, bisibisi imezama, mpini tu ndio unaonekana. Baadaye nikakaa kwenye jiwe nje ya banda. Nilikaa pale muda mrefu. Sitaki mnionee huruma, ila mjue kwamba nilijua ninachokifanya.

Nilijiambia hivi: gari likifika Same, likawa ndani ya fremu yangu, nitabadilisha mbao kimyakimya. Namfahamu seremala mmoja mzuri. Tutaweka mvule, tutarudisha bati juu yake, na Tumainieli atakapokuja atakuta gari imara kuliko alivyolinunua. Atakuwa ameumia nini? Hivyo ndivyo mwizi anavyojibembeleza.

Nikamtumia picha ishirini na tatu. Ile ya bisibisi nikaibakiza kwenye simu. Nikaandika: "Mbao safi, bosi. Kavu kama zilivyotoka kiwandani."

Akanijibu kwa sauti, na mwanaume mzima alikuwa analia.

Bibi Asteria alikuwa amesimama mlangoni mwa banda. "Umemaliza?"

"Nimemaliza, bibi."

"Na mchwa je? Marehemu alisema adui wa gari hili ni mchwa. Mimi macho yangu hayaoni vizuri tena, ila nasikia banda lote linanuka udongo wao. Wamo?"

Nikamwambia wamo kidogo.

"Umemweleza huyo mnunuzi?"

Msomaji, hapa ndipo ningeweza kurudi. Njia ilikuwa bado iko wazi. Nikamtazama bibi aliyenipakulia makande, nikasema, "Nimemweleza, bibi. Amesema hana neno, atabadilisha mbao."

"Basi Mungu ambariki," akasema. "Sili hela ya mtu kwa kitu nilichomficha. Eliakunda yuko pale kaburini, ananisikia."

Kaburi lenyewe lilikuwa hatua kumi kutoka tulipokuwa. Sikugeuka kulitazama.

Mambo yakaenda mbio. Tumainieli alimlipa bibi milioni kumi na nane, akalipa fremu kodi ya mwaka. Nilikabidhiwa funguo mbili zenye kamba nyekundu. Nilimpigia Wilbard nikamwambia mlango upo, na una kitasa. Alhamisi Jenifer akashuka na watoto, na godoro, na masufuria.

Jioni ile alikaa kitandani na simu yangu, anatazama picha za gari moja moja. "Baba Agape," akasema, "sikujua unafanya kazi kwa makini hivi. Mtu yuko Uingereza anakuamini wewe."

Nilimwambia alale, amechoka na safari.

"Nataka twende wote Chome siku ya kulichukua. Nikamshukuru huyo bibi." Alishanunua kanga doti moja na sukari kilo mbili. Ningemkatalia kwa sababu gani?

Hesabu zangu zilikuwa hivi. Nimekodi Fuso, nimeazima matairi mazima. Tutafunga kamba kwenye chesisi, tutalivuta polepole lijitembelee lenyewe kwa magurudumu, na hakuna mkono utakaogusa bodi. Nilifikiria kila kitu. Nilichosahau ni kwamba mimi ni Mpare, na mlimani kwetu kitu kikubwa hakihamishwi na mtu mmoja.

Tulifika tukakuta watu zaidi ya arobaini uani kwa bibi. Wanaume na miti mirefu, wanawake na masufuria ya makande, dengelua, pombe yetu ya miwa, imeshachujwa kwenye ndoo. Jumapili ilitangazwa kanisani: msaragambo, kazi yetu ya pamoja, wa kushusha gari la marehemu Eliakunda. Kila nyumba itoe mtu.

Nikaanza kuhesabu mikono.

Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Fredrick, alinishika mkono. "Fundi, karibu. Mvua imekata barabara pale chini, Fuso yako haifiki hapa. Tunalibeba."

"Shikamoo, mzee. Tusukume tu. Lina magurudumu."

"Lisukumwe kwenye korongo lile?" Akacheka. "Mwanangu, gari hili lilibeba wake zetu wenye uchungu wa kuzaa kushuka milima hii usiku na mvua. Mimi mwenyewe mama yangu alibebwa humu. Eliakunda hakuchukua hata shilingi. Leo tunambebea na sisi."

Wengine wakaitikia. Nikasema tusubiri barabara itengenezwe, nitarudi wiki ijayo. Mama mmoja akaniambia makande hayasubiri wiki ijayo. Mwingine akauliza kama ninataka kufungua kesi na kitongoji kizima, maana Mpare yuko radhi auze ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Wakacheka wote, Jenifer naye akacheka. Mimi nilikuwa nalowa jasho kwenye baridi ile ya Chome.

"Basi shikeni chini," nikasema. "Kwenye chuma. Mtu asishike bodi. Mtu asishike milango."

"Kwa nini?" akauliza mzee Fredrick.

"Rangi," nikasema. "Rangi itakwaruzika."

Simu ikaita. Alikuwa Tumainieli, kwa video, ameomba ruhusa kazini ili aone. Nikampa Jenifer simu aishike. Nilimsikia akimsalimia, "Shikamoo kaka," na yule akisema, "Marahaba dada, nigeuzie nione. Nigeuzie nimwone bibi. Huyo ndiye bibi? Mungu wangu, hajabadilika."

Bibi Asteria alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya kaburi, amevaa nguo ya kanisani. Alipunga mkono kwenye simu.

Walipitisha miti miwili chini ya chesisi, mbele na nyuma. Hapo nilipumua. Lakini watu walikuwa wengi kuliko miti, na kila mmoja alitaka awe amelishika gari la Eliakunda. Wakajazana pembeni. Nilipiga kelele, "Chini, shikeni chini," na wimbo ulikuwa umeshaanza, hakuna aliyenisikia.

Wakainua.

Hatua ya kwanza, ya pili, ya tano. Gari lilikwenda hewani, na nikaanza kuamini. Walipofika kwenye ukingo wa korongo, wa mbele walishuka, wa nyuma wakabaki juu, gari likalala. Wa pembeni wakalidaka kwa kushika milango.

Ulisikika mlio wa mabua makavu yakivunjwa. Mlango wa kulia ulibaki mikononi mwa watu wawili. Wa kushoto ukafuata na nguzo zake. Bati la nyuma lilijikunja likaanguka, na kutoka ndani yake ukamwagika unga na udongo na mchwa, mchwa wengi, wakatapakaa juu ya miguu ya watu. Wimbo ulikatika kila mtu na neno lake mdomoni.

Hakuna aliyeumia. Waliteremsha kilichobaki, chesisi na injini na usukani, wakarudi nyuma. Mzee Fredrick alikuwa bado ameukumbatia mlango, anautazama kama ameuvunja yeye. "Tusameheni," akasema. "Tumeliua."

"Hamjaliua." Sauti ilitoka kwenye simu. Jenifer alikuwa hajaishusha, Tumainieli ameona yote. "Hamjaliua, mzee wangu. Hilo limekufa siku nyingi. Dada, nipeleke kwa bibi."

Jenifer akasogea. Nami nikasogea, maana nisingeweza kubaki pale.

"Bibi," akasema Tumainieli, "shikamoo. Mimi ni mtoto wa mwalimu. Ulikuwa ukinipa ndizi."

"Marahaba, mwanangu. Nakukumbuka."

"Bibi, ulijua kama gari lina mchwa?"

"Nilijua," akasema bibi bila wasiwasi wowote. "Si fundi alikueleza? Ukasema huna neno, utabadilisha mbao."

Simu ikanyamaza. Nilidhani mtandao umekata, nikamshukuru Mungu kwa mtandao mbovu wa milimani. Haukuwa umekata.

"Mimi sijaelezwa," akasema. "Mimi niliambiwa mbao ni safi, kavu kama zilivyotoka kiwandani. Bibi, usinifanyie hivyo. Hela ile ni ya miaka yangu ya treni. Kama ulijua ukanyamaza, sema tu."

Bibi Asteria aligeuza uso, sijui kama aliniona. "Fundi," akasema. "Mwambie."

Watu arobaini waliniangalia. Mzee Fredrick na mlango wake. Jenifer na kanga begani, bado hajaikabidhi. Mfukoni mwangu funguo mbili zenye kamba nyekundu zilikuwa zinanichoma pajani.

"Fundi," akasema Tumainieli, "nakuuliza mbele yao. Uliona mchwa au hukuona?"

Nilikuwa na maneno mawili ya kuchagua. Moja lilikuwa na mke wangu upande wake, na wanangu, na mlango. Jingine lilikuwa na bibi wa miaka themanini na minne, mzee wa kanisa, aliyekaa kando ya kaburi la mumewe, na kitongoji chote kinamsikiliza.

"Sikuona," nikasema. "Nilichoma kila nguzo, zilikuwa nzima. Bibi hakuniambia lolote. Bibi ni mzee, bosi. Anachanganya mambo."

Sikuinua macho, lakini nilisikia watu wakiguna, na nikajua hawanigunii mimi. Mama mmoja akasema taratibu, "Asteria, kweli?" Bibi aliweka mkono wake juu ya saruji ya kaburi, akaupapasa, kama mtu anayemtuliza mgonjwa.

"Nimekuelewa, fundi," akasema Tumainieli. Sauti ilikuwa imechoka. "Basi, bibi, nitazungumza na wakili wangu wa Same. Sikupenda tufike huko."

Nilimnyooshea Jenifer mkono anipe simu niikate. Hakunipa.

Alikuwa ananitazama mimi, si simu. Namjua mke wangu miaka kumi na mbili. Nimemwona akikasirika, nimemwona akilia, lakini uso ule sikuwahi kuuona. Alimtazama bibi na ule mkono juu ya kaburi. Akaurudisha uso kwangu. Simu aliinyanyua karibu na mdomo wake, ili aliye Uingereza asikie vizuri.

"Baba Agape," akasema, "ile picha niliyoiona Alhamisi kitandani, ya bisibisi imezama mpaka kwenye mpini, ni ya gari gani?"